Bi Mnong'ono Afunga Mdomo

Safari haijamaliza siku mbili, Bi Mnong'ono akawa keshapewa onyo. Basi lilikuwa limebeba wapenzi kumi na wanane wa vitabu, muziki na michezo ya jukwaani, na yeye ndiye aliyewakosesha raha. Siku ya kwanza, katika nyumba ya mwandishi mmoja marehemu, kiongozi wa msafara alikuwa akiwasomea ukurasa wa riwaya. Alipotua ameze mate, Bi Mnong'ono akampa neno linalofuata. Siku ya pili, mwimbaji alivuta pumzi katikati ya ubeti, naye akamsaidia. Safu tatu nzima ziligeuka kumtazama.

"Mama yangu, nakuheshimu sana," kiongozi, binti mwenye subira zake, alimwambia. "Lakini watu wamelalamika. Kesho ukitoa neno hata moja, itabidi nikutoe nje."

Kumtoa nje kesho! Safari yote aliifuata kwa ajili ya hiyo kesho, siku ya kutazama mchezo wa jukwaani. Mchezo wenyewe aliujua kwa moyo toka mwanzo hadi mwisho, ila hajawahi kuuona. Miaka thelathini na mmoja alikaa katika kishimo mbele ya jukwaa, kitabu mapajani, akiwanong'oneza waigizaji waliosahau maneno. Ukiwa mle huoni nyuso. Unaona viatu tu, na soksi zilizotoboka.

"Ulimi wangu umezoea vibaya," alimlalamikia wifi yake chumbani.

Wifi, mke wa kaka yake, alikuwa kitandani akijipaka dawa ya magoti. Ndiye aliyeigiza mama katika mchezo huohuo miaka yote ile.

"Si uufunge tu?"

"Thubutu! Na nani aliyeuzoesha kama si wewe? Kila onyesho, palepale! Mtoto anauliza, 'Mama, umenisamehe?' Wewe kimya. Bila mimi ungebaki umesimama kama mlingoti."

"Ahsante, wifi," mwenzake akasema, kama alivyosema siku zote, akahamia goti la pili.

Bi Mnong'ono aliridhika. Mji mzima ulimsifu mwigizaji yule, na yeye peke yake ndiye aliyejua nani alikuwa akimwokoa. Ilimtosha kutembea kifua mbele uzeeni.

Kesho yake saa kumi alasiri walikaa safu ya tano ukumbini, mchezo ukaanza. Bi Mnong'ono alijijaza peremende mbili kubwa mdomoni, moja kila shavu, na mambo yakaenda vizuri. Zaidi ya vizuri! Kumbe daktari hutabasamu anapoleta habari mbaya! Kumbe jirani hulia kabla hata hajaambiwa kitu! Viatu vyao havikuwahi kumweleza hayo.

Kisha mtoto aliyetoroka miaka mingi akarudi, akapiga magoti.

"Mama, umenisamehe?"

Mama akanyamaza.

Maneno yalimpanda Bi Mnong'ono hadi kooni. Akazing'ata peremende. Binti kiongozi alikuwa akimkodolea macho kutoka mwisho wa safu. Mama bado kimya. Bi Mnong'ono akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Hapo ndipo alipouona uso. Mama alizitazama mvi za mwanawe, akaitazama mikono yake, akautazama mlango aliotokea. Midomo ilitaka kufunguka, ikakaza, ikalegea. Ukumbini hakuna aliyekohoa. Mwanamume mmoja nyuma yao alikuwa akivuta kamasi.

"Nimekusamehe tangu ulipobisha hodi," mama akasema.

Ukumbi mzima ukalia, isipokuwa Bi Mnong'ono. Yeye aliteremsha mikono polepole.

Makofi yalipopungua, akamgeukia wifi yake.

"Yule hakusahau."

"Hakusahau," wifi akakubali.

"Na wewe, wifi? Ulikuwa unasahau?"

Wifi akaanza kukunja na kukunjua tiketi yake. Watu walisimama, wakawapita wakiomba radhi, na Bi Mnong'ono, ambaye jibu lilikuwa limemjaa tele mdomoni, akakaa akamsubiri.

"Siku ya kwanza," wifi akasema. "Siku ya kwanza nilisahau kweli."