Pete za Bega la Kushoto

Tangu alfajiri kijana hakutulia, na wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaogopa, basi. Kuna watu wakiogopa huimba, wengine hugombana na majirani, yeye hukagua. Alikagua kama amefunga mlango wa nyumba, akaondoka, akafika njiani akarudi kuukagua tena, mpaka mama yake akamwambia kupitia dirishani, "Mwanangu, mlango umefungwa. Nenda. Na umwambie kaka yangu nimempa mtoto mzima, anirudishie mzima."

Huyo kaka ndiye mjomba mtu, fundi na mwalimu wa kiwanja cha kuruka kwa parachuti, ambazo wenyewe pale huziita miavuli. Ndiye aliyemwingiza mpwa wake bandani kufagia na kukunja vitambaa, na ndiye aliyempachika jina la Kunguru, kwa sababu kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Jina likakolea. Hata rubani alimwita hivyo.

Kunguru alitaka kuwa fundi kama mjomba, awafungie watu miavuli yao. Lakini kulikuwa na sharti lisilopindishwa: hufungi mwavuli wa mtu kabla hujaruka na ule uliouunga na kuukagua kwa mikono yako mwenyewe. Ukitaka kushika roho za watu, anza na yako.

Na siku ya kuruka ilikuwa na mtihani wake. Ukishamaliza kuunga kila kitu, mjomba anakutoa nje, anabaki peke yake na mkoba wako, begi la mgongoni lenye mwavuli na mikanda yake, anatia kosa. Moja tu. Ukirudi, ulitafute. Usipoliona, huruki, na ufundi uusahau. Ukiliona, analirekebisha yeye mwenyewe, anakuvalisha, anakupiga kofi la mgongoni na kusema, "Safi." Kofi hilo likishatua, mkoba haufunguliwi tena. Nani afungue kazi ya mzee mbele ya macho yake?

Asubuhi hiyo, wakati mjomba yuko ndani akitia kosa lake, Kunguru alisimama nje na mrukaji mmoja wa siku nyingi waliyemwita Bonge, mtu wa mizaha asiyefunga mdomo hata hewani.

"Kunguru," alisema Bonge, "kule juu ukishatoka mlangoni, usirudi kuangalia kama umeufunga."

Kunguru alicheka, maana kutocheka kungekuwa aibu.

Alipoitwa, aliukuta mkoba umelala mezani kama alivyouacha, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alianza kukagua chini, mikanda ya mapaja. Haikujisokota. Akaja kifuani, kwenye kishikio chekundu. Kizuri. Akafunua bega la kulia.

Kwenye kila bega la mkoba kuna pete tatu za chuma, ndugu watatu: mkubwa, wa kati na mdogo. Ndizo zinazoushika mwavuli usimwachie mtu. Mdogo hupita ndani ya wa kati, wa kati ndani ya mkubwa, naye mdogo hushikwa na kitanzi cheupe cha uzi, na ndani ya kitanzi hupita waya wa manjano. Waya huo ndio komeo la yote. Mwavuli ukikorofisha hewani, unavuta kishikio kifuani, nyaya za pande zote mbili zinachomoka, pete zinaachiana, mwavuli mbovu unakwenda zake nawe unafungua wa akiba. Ni ufundi mzuri sana, ilimradi umevuta mwenyewe.

"Hapa, mjomba," alisema. "Mdogo amemruka wa kati, ameingia moja kwa moja kwa mkubwa."

Mjomba alipiga makofi. "Ndiyo hilo hilo! Damu ya dada yangu hii!"

Nje, rubani alikuwa anapiga kelele kwamba mawingu yanakusanyika, waende sasa au warudi nyumbani. Mjomba akavuta kishikio ili alegeze bega la kulia, akapanga ndugu watatu upya, akarudisha kishikio mahali pake, akafunika. Mikono yake ilikwenda mbio kama ya mtu anayekaza kamba za viatu. Akamvalisha mpwa wake mkoba, akamzungusha, akampiga kofi la mgongoni.

"Safi!"

Hapo ndipo raha ilipotakiwa kuja. Mtihani ameushinda, ufundi umebaki mruko mmoja tu. Lakini Kunguru alitembea kuelekea kwenye ndege, kila hatua hofu ikiongezeka. Kulikuwa na kitu alichokiona na hakujua ni nini. Injini ilikuwa imeshawashwa. Upepo wake ulimpiga usoni, akakikumbuka.

Mjomba alivuta kishikio. Ukivuta kishikio, zinachomoka nyaya mbili. Naye alimwona mjomba akishughulika na bega moja.

Akaanza kujibishana mwenyewe. Labda hakuvuta sana. Labda bega la kushoto alilirudishia wakati wewe unamtazama rubani. Mjomba ameifanya kazi hii kabla hujazaliwa, wewe nani? Huu ni ule ule mlango wa nyumbani, umefungwa, nenda. Akaweka mguu kwenye ngazi ya ndege. Akautoa.

"Mjomba, naomba tuliangalie bega la kushoto."

"Kosa si umeshalipata? Lilikuwa moja."

"Najua."

"Nimekupiga kofi, sijakupiga?"

"Umenipiga."

"Basi panda."

Bonge aliyekuwa ameshakaa ndani alipaza sauti, "Jamani, mpelekeni msalani kwanza!" Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Alimsogelea mpwa wake mpaka akasikia pumzi zake.

"Unataka kuniambia mimi nimekosea? Mbele ya watu?"

Kunguru aliogopa kule juu, na alimwogopa huyu aliyesimama mbele yake, na hakujua kwa wakati ule ni hofu ipi iliyozidi.

"Sikwambii umekosea, mjomba. Nakwambia naogopa."

Akafungua mkanda wa kifuani kwa mkono wake. Kicheko ndani ya ndege kikakatika. Akavua mkoba, akapiga magoti kwenye nyasi, akafunua bega la kushoto.

Ndugu watatu walikuwa wamepangana vizuri kabisa. Mkubwa, wa kati, mdogo, na kitanzi cheupe kikiwa pale pale pake. Mjomba alivuta pumzi ya mtu anayejiandaa kutukana. Kunguru aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, lakini mkono wake ukaugeuza ule mkanda wa bega, akaangalia nyuma yake.

Waya wa manjano ulikuwa umelala kando ya kitanzi. Haukuingia ndani.

Alishika mkanda akauvuta kidogo, kama mtu anavyojaribu uzi wa kifungo. Kitanzi kikachomoka, mdogo akamwachia wa kati, wa kati akamwachia mkubwa, na mkanda wenyewe, ule wa kubeba nusu ya uzito wake hewani, ukabaki mkononi mwake.

Rubani, aliyekuwa ameinama dirishani, alizima injini.

Mjomba alichuchumaa. Aliutazama ule mkanda. "Nilivuta," alisema, "nikarudisha wa kulia tu. Kosa lilishapatikana, macho yakalala." Kisha akafunika uso. "Ningemwambia nini dada yangu?"

Kunguru alilia. Alilia kwa hasira, akimchukia mjomba wake na kofi lake, na alipomaliza kumchukia akajifuta kwa mkono wa shati, akaubeba mkoba kuurudisha mezani. Aliunga upya mabega yote mawili. Hakuna aliyemhimiza. Mawingu yalikuja yakapita, na Bonge akaja kumkagua mgongo bila kutia neno.

Walipotoka tena, mjomba alisimama chini ya ngazi akiwa na mkoba wake mwenyewe, aliouunga asubuhi ile ile. Hakuna mtu aliyewahi kuukagua. Alimgeuzia mpwa wake mgongo.

"Nikague."

Alimkagua kuanzia mapajani. Alifunua bega la kulia, akafunua la kushoto, akapitisha kidole kwenye kila kitanzi, halafu akarudia. Hakukuwa na kosa. Alipompiga kofi alihisi mgongo wa mzee unatetemeka.

Kule juu mwavuli wake ulipofunguka kwa kishindo, mikanda ilimshika mabega yote mawili, akapiga yowe, na halikuwa la furaha. Alijipapasa bega la kushoto. Kisha akageuka huku na huku kumtafuta mjomba, na moyo wake haukutulia mpaka alipouona mwavuli wa mzee nao umefunguka.