Boga Lililomfuata Kageha

Jumamosi ya maonyesho Kageha aliamka akachemsha mayai, akakunja chapati ndani ya karatasi ya unga, kisha akasokota chumvi kwenye kipande cha gazeti. Mtu haendi shoo ya kilimo bila mayai ya kuchemsha. Ukienda mikono mitupu, watu wa mtaa wake wa Kaloleni watakuuliza kama ulienda kutazama ng'ombe au kuwaomba chakula. Jirani yake Muhiba alikuwa ameshamwita kupitia ukutani, maana nyumba zile za baraza la mji zilijengwa na Mzungu aliyeamini kwamba majirani hawana siri.

Mumewe, Kweyu, hakuwepo. Alikuwa ametangulia tangu Jumanne kulipeleka boga, na alituma habari kwamba boga la mashindano halilindwi na mtu anayerudi nyumbani kulala.

Boga lenyewe lilimea nyuma ya jumba la mikutano, kutokana na mbegu ambayo mama mkwe aliileta kutoka nyumbani ikiwa imefungwa kwenye pindo la leso. Kageha alilimwagilia maji ya kuoshea vyombo na kulisimulia habari za mtaa. Lilikua likawa kubwa kama beseni la kufulia blanketi. Mwezi wa saba likaanza kumfuata. Akienda mferejini, lilibingirika nyuma yake polepole likiburura shina lake. Akisimama kusalimia mtu, nalo linasimama. Watu walilipisha njia. Muhiba alilalamika mara moja tu, siku lilipomwaga mchele wake, akasema mtu akifuga kitu na akifunge. Kageha akalifunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya kuanikia nguo, na ujirani ukaendelea. Hata Kweyu alipolikata shina ili libebeke, boga halikuacha kukua. Hakuna aliyeona sababu ya kulikataza.

Kwao magharibi mwa nchi, boga linalokua halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea linaoza. Ukitaka kulionyesha unafumba ngumi, unalielekeza kwa vifundo vya vidole. Kweyu ndiye aliyekuwa mkali zaidi katika jambo hili. Aliwafundisha watoto wa mtaa kufumba ngumi, dole gumba likiwa ndani. Mchungaji alipokuja kuliombea, Kweyu alimzuia mpaka alipotia mikono mfukoni. Akaomba hivyo hivyo, mikono mfukoni kama mtu anayesubiri basi, na maombi yakafika.

"Hili ni lako, Mama Griffins," Kweyu alimwambia siku alipolipakia mkokotenini. "Mimi ni mbebaji tu. Watakuita jina lako mbele ya watu."

Hilo ndilo Kageha alilolitaka. Utepe wa mshindi angeweza kuununua soko la Gikomba, rangi yoyote. Tangu aolewe alikuwa Mama Griffins, kwa jina la mwanawe, au mke wa Kweyu, au wewe mama wa pale mwisho. Alitaka kusikia jina Kageha likitoka kwenye kipaza sauti cha maonyesho, livuke mabanda na zizi la nguruwe, lisikike na watu wasiomdai unga.

Walifika jua likiwa limeshachukua nafasi yake. Muhiba alisimama mbele ya fahali mmoja mwenye makalio kama basi, akajifunika pua kwa ncha ya buibui, akasema kwamba mnyama huyo ameoga kuliko Idarusi, na Idarusi ni mume wake wa ndoa. Walikula mayai wakiwa wamesimama. Kipaza sauti kilitangaza mtoto aliyepotea, kikatangaza kiatu kilichookotwa, kisha kikatangaza kwamba boga bora la mwaka huu ni la Bi. Vivian Kweyu wa Kayole.

Kageha alimeza yai. Akasema mtangazaji amechanganya, Kayole na Kaloleni zote zinaanza na Ka.

"Na Vivian je?" Muhiba akauliza. "Naye anaanza na Ka?"

Waliingia kwenye banda la mboga. Boga lilikuwa juu ya meza iliyozungushiwa kitambaa cheupe kilichoshuka hadi chini. Kando yake alisimama Kweyu, amevaa suti yake ya Pasaka. Kando ya Kweyu alisimama mwanamke mwenye kofia nyekundu. Kati yao kulikuwa na msichana mdogo aliyekuwa akinywa soda, na alikuwa na paji la uso la Kweyu, lile lile ambalo Kageha alilipaka mafuta kila asubuhi kwenye kichwa cha Griffins.

"Baba Griffins," Kageha akasema.

Boga lilipoisikia sauti yake lilishuka mezani, likapita katikati ya kabichi, likaja likasimama miguuni pake.

"Baba, boga limetoka," yule mtoto akasema.

"Limeona joto, Mitchelle," Kweyu akajibu.

Jaji alikuwa Bwana Burale, mtu mrefu mwenye koti jeupe na penseli sikioni. Alieleza kwa upole kwamba vitu vinavyotembea hupelekwa upande wa mifugo, ukipita mbuzi unapinda kushoto, lakini kwa kuwa hili liliandikishwa kama mboga, litabaki mboga. Hakuona ajabu. Mwaka uliotangulia kulikuwa na kitunguu kilicholia chenyewe, na kilishika nafasi ya tatu.

Kageha akamwambia kwamba boga ni lake. Vivian naye, bila ukali wowote, akasema kwamba Baba Mitchelle alimwambia amelipanda kwa ajili yake, tena kwa mikono yake mwenyewe. Kageha alimtazama vizuri. Aliona kwamba mwanamke huyu hasemi uongo; ameuziwa tu, kama yeye. Hilo lilimuuma zaidi, maana mwongo ungeweza kumvua kofia ukaikanyaga, lakini huyu ungemkanyagia nini?

Burale akasema banda lake lina utaratibu wake. Anayedai kitu akinyooshee kidole mbele ya watu, aseme hiki ni changu.

Kageha akanyoosha ngumi.

"Mama, hapa hatupigani," Burale akasema. "Nimesema kidole."

Kageha akajibu kwamba hawezi. Burale akaandika kwamba mdai wa kwanza hakuonyesha. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliolipa kiingilio. Vivian alikuwa mzaliwa wa Mathare na habari za maboga hakulelewa nazo. Akainua mkono, kidole kimeshaanza kunyooka, kucha imepakwa rangi. Kageha akamdaka mkono, akaukunja taratibu.

"Usilinyooshee, dada. Litaoza."

Vivian akaushusha mkono wake, akamgeukia Kweyu kumuuliza kwa macho.

Burale naye akamgeukia Kweyu. Akasema kwamba wanawake wameshindwa, basi mzee aliyelileta aseme, la nani?

Kweyu alilitazama boga. Alimtazama Kageha, akamtazama mtoto na soda yake. Kisha akautoa mkono mfukoni. Ulitoka umefumbwa, dole gumba likiwa ndani, vile alivyowafundisha watoto wa mtaa, na Kageha akapumua. Halafu ngumi ikafunguka na kidole kimoja kikanyooka, sawasawa, kama cha mtu anayeonyesha njia.

"Hili ni la Mama Mitchelle," Kweyu akasema.

Utepe ukabandikwa. Mpiga picha akaitwa. Boga likainuliwa mezani, likashuka, likaenda kwa Kageha. Wakalirudisha, likashuka tena. Mpiga picha akalalamika kwamba filamu si maji ya mfereji. Burale akasema likishuka mara nyingine litapelekwa kwa nguruwe, na utepe utabaki, kwa kuwa utepe hauna kosa.

Ndipo Kweyu akamwendea Kageha. Aliinamisha kichwa na sauti pamoja.

"Mama," akasema, kama anavyomwita muuza nyanya yeyote wa soko la Burma, "tusaidie kulishika. Kidogo tu."

"Kweyu, mimi ni nani?"

"Si hapa. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Kweyu akageuka kuiweka sawa kofia nyekundu, ambayo haikuwa imepinda.

Muhiba akamvuta mkono. "Twende, shoga. Liache lianguke, tena lipasuke, tuone fundi wa picha atapiga nini."

Kageha alilitazama boga. Lilikuwa limetulia miguuni pake kama mbuzi anayesubiri kufunguliwa. Alifikiri habari za nguruwe. Akafikiri na lile pindo la leso. Kisha akalibeba mwenyewe mpaka mezani, akapiga magoti, akaingia chini ya kitambaa cheupe, akapenyeza mkono kwenye ufa wa mbao, akalishika kwa chini. Boga likatulia.

"Familia, sogeleaneni," mpiga picha akasema.

Gizani kule chini Kageha alisikia soli za viatu vya Kweyu zikisogea, viatu alivyovipaka rangi yeye Jumatatu jioni. Kiganja chake kikagusa mahali palipokuwa laini, padogo, kiasi cha ncha ya kidole. Papo hapo pakapanuka. Maji ya uvuguvugu yakaanza kumtiririka kwenye kifundo cha mkono, yakaingia ndani ya mkono wa sweta, yakafika kiwikoni.

"Mama mwenye kofia, cheka. Mtoto, weka soda chini. Tayari?"

Kageha akapaziba kwa kiganja, akasukuma juu, boga likae wima.

Picha ilitoka nzuri. Ilitundikwa ukutani Kayole, na wageni waliokuja kumtembelea Bwana Kweyu walisema, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba boga lile halikuwa na kasoro yoyote.