Viriba Kumi na Viwili

"...na haya matuta ni ya nani, nakuuliza, nani kakutuma uchimbe matuta kwenye bustani yangu," anasema mama mdogo Prisca, kasimama kwenye kijia cha mawe asichafue viatu, na mimi nasema ni ya karoti, mama mdogo, na yale ya chini ni ya njegere, kila mwisho wa Agosti nayaandaa ili vuli ikishuka inikute tayari, na yeye anasema, "Karoti! Nimekupandishia miche ya parachichi ya kubebesha, ile inayozaa upesi, mpaka huku juu, kumi na miwili, halafu wewe unaniambia karoti, sawazisha hayo, chimba mashimo, bodaboda anarudi kunichukua saa sita," na mimi nasema lakini samadi nimeshaichanganya, nimeibeba wiki nzima kutoka kwenye banda la mbuzi la babu Mwinshehe, na yeye anasema, "Ndiyo vizuri, parachichi zinapenda samadi," halafu anacheka, anamgeukia babu Mwinshehe aliyekaa na bibi kwenye benchi la mlangoni, "Mjomba, unamwona huyu, kidato cha pili chake chote kimeishia kwenye karoti," na babu hacheki, anapuliza uji wake, na mimi nainamisha kichwa, nasema ndiyo mama mdogo, nanyanyua jembe... bustani yangu, kasema, yangu, tangu lini, hajui hata maji yanaingilia upande gani, hajui kwamba kona ile ya juu udongo wake ni mwekundu na mgumu na ule wa chini ni mweusi kwa sababu nimeulisha majivu na maganda ya ndizi misimu miwili, na jembe linashuka, ardhi bado ya baridi, ukungu haujaondoka mlimani, nimevaa sweta la shule kwa sababu ndilo zito nililonalo, kiwiko kimetoboka, nembo niliitoa kwa wembe nyuzi moja moja, sikutaka mtu aniulize... tuta la kwanza linavunjika, la pili, nayavunja mwenyewe kwa mikono iliyoyainua, na kila pigo nasema moyoni hili lako mama mdogo, na hili lako, na hili la binti yako Pendo aliyeko kidato cha nne na daftari zangu za baiolojia, kwa sababu ulizichukua ukasema "si hutumii tena," na mimi nilikuwa nimemwinamia bibi namgeuza asipate vidonda, sikuweza hata kusimama kukuzuia, hilo nalo nimeliweka, usidhani limepotea... "Chimba ndani, sio unaparua kama kuku," anasema, nasema ndiyo mama mdogo, na asubuhi nilipomwona anashuka kwenye pikipiki nilimpokea mkoba nikasema shikamoo, akasema marahaba bila kuniangalia, na ile shikamoo ilinikwama kooni kama kipande cha muhogo mbichi, lakini nilisema, Mungu ananiona, nilisema vizuri... na mkoba kauweka wapi, kauweka pale pale, juu ya kisiki, kisiki cha mfenesi wa mama, anapaona pazuri pa kuwekea mkoba na simu, hata hafikirii, au anafikiria na ndiyo maana, yeye ndiye aliyeleta watu wa msumeno mwaka uliofuata baada ya mama kuzikwa, akasema mizizi inapasua ukuta, ukuta gani, mfenesi ulikuwa hatua ishirini kutoka ukutani, nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilihesabu hatua nikiwa nalia, nikamwambia ni ishirini, akaniambia watoto hawahesabu mbele ya wakubwa... basi sasa najua kwa nini, leo nimejua, kwa sababu kabla sijaanza kuchimba alimwambia mtu kwenye simu, hakujua nipo nyuma ya jiko nachota majivu, "huku kwetu mti ndiyo hati, ukishasimama mti wako hakuna wa kukutoa, mboga mboga hazina kesi," akacheka, na mimi nikasimama na ungo wa majivu, nikaona yote kama mtu aliyewashiwa taa, kwamba karoti zangu na njegere zangu za misimu yote hii si kitu, zinaliwa zinaisha, na bibi akifumba macho mimi nitaambiwa nifunge mzigo wangu, niende wapi, mama ndiye alikuwa binti wa kwanza wa bibi, Angelina, ardhi kwetu inashuka kwa mama kwenda kwa binti, kila mtu anajua, lakini mama hayupo na mti wake ni kisiki cha kuwekea mkoba, na mimi shule sina, bustani ndiyo kitu pekee ninachoweza kusema hiki nakijua... shimo la kwanza limefika kwenye goti, naweka samadi, nachanganya na udongo wa juu, navuta mche wa kwanza, mzuri, majani yanang'aa, umekaa kwenye kiriba chake cheusi cha nailoni, na mkono wangu unatafuta wembe mfukoni ili nichane kiriba... halafu mkono unasimama. Mkono wenyewe ndio uliofikiri kabla yangu. Mwalimu Erick, kidato cha kwanza, siku ya kupanda miti, alitupeleka nyuma ya maabara akang'oa mti uliokauka, akautikisa, chini kulikuwa na kiriba, mtu aliupanda bila kukichana, na mizizi ilikuwa imezunguka ndani, imezunguka na kuzunguka mpaka imekuwa kama kamba iliyofungwa fundo, akasema, "Angalieni, mti huu umejinyonga wenyewe, miaka miwili juu kijani, chini unajinyonga," na sisi tukasema loo... miaka miwili juu kijani. Namwangalia mama mdogo, kageuka, anasoma simu. Naushusha mche shimoni na kiriba chake, nafukia, nashindilia kwa kisigino taratibu, nauweka wima, unapendeza, mtu yeyote atasema umepandwa na fundi, na moyo wangu unapiga kama nimeiba sadaka... nenda zako mjini kwako Kihonda, mama mdogo, njoo mwakani uone majani, lete marafiki zako wapige picha, mwaka wa pili njano kidogo, utasema ni maji, utanigombeza nimwagilie, na mimi nitamwagilia, ndiyo mama mdogo, ndoo juu ya ndoo, nitamwagilia kiriba, na mwaka wa tatu utakuja na kikapu na utakuta vijiti kumi na viwili, na wewe utasimama pale kwenye kijia na viatu vyako, utasema sijui kuna nini kwenye udongo huu, na mimi nitasema sijui mama mdogo, mimi ni wa kidato cha pili... na nitakuwa nimelipa, mfenesi mmoja kwa parachichi kumi na mbili, daftari nne, na siku ile uliyokuja shuleni, nilikuwa kwenye foleni ya uji na kikombe mkononi, ukasema bibi kapata kiharusi, Pendo hawezi ana mitihani, wewe unajua kumbeba bibi, mwakani utarudi, na mimi nikaamini mwakani, nikaacha kikombe kwa rafiki yangu Winfrida nikamwambia nitunzie, kikombe, kama mjinga, nitunzie nakuja... "La pili hilo, mbona umesimama," anasema, nasema namalizia mama mdogo, na nachimba la pili, udongo unaruka, kilele cha mlima kimeanza kutoka kwenye ukungu, nitalisemaje hili kwa padri, nimeua miti, padri atasema miti si watu, nitasema ndiyo lakini nilikuwa nafikiri ni mtu, sijui, nitanyamaza, sitakwenda kuungama mpaka ikauke yote... nashusha mche wa pili na kiriba chake, na hapo nasikia bibi anakohoa, si kikohozi cha kifua, ni kile anachokohoa akitaka nimwangalie, namjua bibi, nambeba kila asubuhi kumtoa nje aote jua, najua kikohozi chake cha maji, cha kikojoleo na cha kuniita, nainua kichwa, ananiangalia, haniangalii usoni, ananiangalia mikono. Anaangalia ile ncha ya nailoni nyeusi iliyotokeza juu ya udongo. Kaiona. Uso wake wa upande mmoja haucheki wala haukasiriki, upande mwingine haujasema kitu tangu ugonjwa ule, na mimi nadhani atasema, nadhani ataniumbua mbele ya mama mdogo, lakini anatikisa kichwa mara moja tu, kidogo, kulia na kushoto, kama alivyokuwa akinitikisia nikiwa mdogo nikitaka kula ndizi mbichi, halafu anageuza jicho lake zima kwenye kisiki... na nakumbuka, si kwamba nilikuwa nimesahau, nilikuwa nimeificha siku ile, nina miaka mitano, nimeshika kikombe cha maji kwa mikono miwili, mama amepiga magoti pale, tope mpaka kwenye viwiko, na bibi kasimama mlangoni mzima, miguu yake yote miwili, na babu Mwinshehe kaitwa aje asikie kwa sababu ndiye mzee wa ukoo, na bibi anauliza kwa sauti kama ya kanisani, "Anapanda nani?" na mama anasema, "Napanda mimi, Angelina, kwa mkono wangu," na babu anasema, "Nimesikia," basi, imekwisha, mama akanywesha mti kwa kikombe changu, akanipaka tope puani tukacheka... na usiku ule nikamuuliza bibi, lakini mbegu si katoa jirani, mti si wa jirani, na bibi akasema, "Mbegu inatoka popote, hata ndege huleta mbegu, lakini ndege hana shamba, anayeulizwa ni mkono," na mama mdogo hakuwepo siku ile, alikuwa chuoni, alikuwa anasoma, alisomeshwa huyo mpaka mwisho, anajua kwamba mti ni hati lakini hajui hati inasainiwa vipi, amebeba nusu ya mila akaiona ni nzima... Nayaangalia mashimo. Naiangalia mikono yangu. Jamani. Mikono ya nani iko kwenye udongo huu, na nilitaka kuinyonga, nilitaka kuinyonga miti yangu mwenyewe kwa nailoni, na yeye angesema udongo mbaya, angeleta mingine, angeleta na mtu wa kuipanda, mimi ningebaki na ushindi ambao hakuna anayeujua, ushindi wa panya, kutafuna chini... hapana. Ikifa nitafurahi siku moja. Ikiishi atakuja kila mwaka, kila mwaka, ataikuta imezaa, imeinama kwa uzito, na atasimama kwenye kijia aniombe, mimi, na mimi nitamwambia karibu mama mdogo, chagua zilizoiva, beba kiasi chako, kwa adabu, na shikamoo juu, na itamkwama yeye kooni... nachomoa wembe. Nakichana kiriba cha mche wa pili hapo hapo, kinaachia kama ganda la yai, mizizi myeupe imetulia, bado haijaanza kuzunguka, naupandisha kwa mikono miwili, natandaza mizizi, nafukia, nasema samahani, halafu nafukua ule wa kwanza, "Unafukua nini tena," anasema mama mdogo, nasema haukukaa sawa mama mdogo, anasema, "Wewe kazi yako kurudia rudia, ndiyo maana hata shule," hamalizii, simu inalia, na mimi sikasiriki, ajabu, neno limepita juu yangu kama jiwe lililotupwa mtoni, limezama, naliona lilipo, nitaliokota siku nyingine... nakichana kiriba, naupanda upya, wa tatu, wa nne, viriba vitupu naviweka pamoja, nitavihesabu mbele yake viwe kumi na viwili, kusiwe na neno, na matuta yangu nitayaanza tena kesho katikati ya miti, karoti zinapenda kivuli kidogo, njegere nazo nitazisogeza juu, vuli itanikuta tayari kama kawaida... lakini lazima lile swali liulizwe. Bila swali ni udongo tu na vijiti. Na mimi siwezi kuuliza, mtoto hahesabu mbele ya wakubwa, namwangalia bibi, namwomba kwa macho, bibi yangu, maneno yako sasa yanatoka moja moja kama maji ya bomba linalokauka, lakini hayo mawili tu, mawili, nimekubeba misimu yote hii sijakudai kitu, na sijui kama ananisoma, anaangalia mlima, mate yanamshuka pembeni, babu Mwinshehe anayafuta kwa leso... na mama mdogo amekata simu, anapita kwenye mawe anakwenda mlangoni, ameshika nguzo ya mlango, anasugua viatu kwenye gunia nililolitandika, anasema chai iko wapi humu, na mimi nimepiga magoti na mche wa tano mkononi, kiriba kimeshachanwa, mizizi iko wazi kwenye baridi, haipaswi kukaa wazi, siufukii, nasubiri, na benchi linalia, bibi kajivuta, kanyanyua shingo, na sauti inatoka, imepinda, inaburuta, lakini ni ile ile, "Prisca... anapanda... nani?" na babu Mwinshehe anashusha kikombe cha uji chini, taratibu, anakaa wima, na mama mdogo hata hageuki, anatazama kucha zake, anasema pale mlangoni, kwa sauti ya kusikika na bonde zima, "Mama nawe, si huyo mjukuu wako, unamwona kwa macho yako, anapanda Anastasia kwa mikono yake, mimi nitashikaje udongo na kucha hizi?"