Jogoo wa Shigela na Santuri za Hamsini

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa cha Shigela, fundi cherehani wa Bariadi. Kila akisikia bendi mpya redioni, husonya. "Huu nao muziki? Kelele za madebe! Muziki uliisha miaka ya hamsini."

Mwaka ule wa sabini na tano alilisema hilo mpaka Mtoro, mwenye duka ng'ambo ya barabara, akachoka. Mtoro Mzaramo, Shigela Msukuma. Watani hao, na mtani hana huruma.

"Haya, mtani," Mtoro akamwambia Ijumaa. "Keshokutwa, tangu asubuhi mpaka jua lizame, sikiliza za hamsini tupu. Wimbo mpya ukiingia sikioni mwako, jogoo wako wangu. Ukivumilia, wangu wako. Na si kamari, ni utani."

"Hata wiki nzima!" Shigela akajibu, kifua mbele. Wanaume bwana!

Kesho yake dereva wa lori la pamba akaleta ujumbe wa Felisita, binti wa Shigela aliyekuwa akisomea uuguzi Mwanza: baba na mama wasikilize kipindi cha salamu Jumapili mchana. Moyo wa Shigela ukaruka. Tangu Januari binti hakuwa ameleta neno. Asubuhi ya safari alikuwa akifunga sanduku huku anacheza wimbo wa redioni. Baba akaizima, akamwambia ana masikio ya punda. Felisita akabeba redio yake, akaondoka bila kuaga. Shigela alijuta tangu siku hiyo, ila hakumwambia mtu.

"Kipindi hicho hupiga nyimbo mpya. Nenda kamwombe Mtoro muahirishe," mkewe Philomena akasema.

"Anicheke mpaka kaburini? Mtani yule! Hata kwenye msiba wangu atalitaja."

"Basi baki na jogoo wako. Mimi nitakwenda kumsikiliza mwanangu."

Jumapili Shigela akatoa barazani gramafoni yake ya kuzungusha kwa mkono na santuri zake za hamsini. Sindano zilikuwa zimeadimika madukani, akachonga mwiba wa mgunga ukafanya kazi hiyohiyo. Asubuhi ilikuwa tamu kwelikweli. Wakulima wa kijiji cha Sapiwi waliotoka kanisani walisimama wakacheza na viatu vyao mikononi, na bibi mmoja alikataa katakata kwenda nyumbani.

Mchana ukafika. Philomena akabeba kigoda chake, akavuka barabara kwenda kwa Mtoro, ambaye redio yake iliishi kwa betri za kuanikwa juani. Shigela akabaki anazungusha mpini wa gramafoni, macho ng'ambo. Akaona watu wanasogeleana. Akamwona Philomena anaziba mdomo kwa kiganja. Ah, ikamshinda!

"Jogoo na aende zake!" akasema, akainuka.

Kabla hajashuka barazani, Mtoro huyo anakuja mbio, kanzu kaikunja, redio kaipakata, Philomena nyuma yake.

"Kaa chini, mtani! Huu ni wa hamsini, halali yako!"

Kweli. Ulikuwa wimbo ambao Shigela alimbembelezea Felisita tangu anatambaa. Mtoro akaziba pua, akaiga sauti ya mtangazaji: "Felisita Shigela wa Mwanza anamsalimu mama yake, na baba yake fundi Shigela. Anasema, baba, wenzangu huku wananicheka, kila jioni naimba nyimbo zako. Nipigieni wa baba."

Shigela akalia, mtu mzima, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mbele ya watu wote.

Wimbo ukaisha. Mara magitaa ya bendi mpya yakaanza, na Mtoro akarukia kitufe ili amwokoe mtani wake.

Shigela akamshika mkono. "Acha. Huu ndio aliokuwa akiucheza mwanangu asubuhi ile. Sikuusikiliza."

"Jua bado liko juu, mtani. Jogoo je?"

"Philomena, mkamate jogoo, umpe huyu Mzaramo," Shigela akasema, akaongeza sauti ya redio. "Halafu uje tucheze."