Kesi ya Solomon Ukumbini Erdington

Mumbua hakumpenda Solomon, na Solomon alilijua hilo. Kila Mumbua alipofungua kinywa mkutanoni, kijana yule alimkatiza maneno, eti mwanafunzi wa uuguzi anajua nini kuhusu siasa. Kwa hiyo Jumamosi ile ya Novemba 1974, mwenyekiti Alfayo aliposimama katika ukumbi wa kanisa pale Erdington kutangaza kuwa Solomon amefukuzwa kwenye chama chao cha wanafunzi wa Kenya walioko ng'ambo, Mumbua alifurahi.

Kosa lilijulikana. Kwenye sherehe ya mwezi wa kumi, Solomon alimwita Alfayo mfalme mdogo mbele za wageni.

"Nimelichunguza jambo hili mwenyewe, nikaona ana hatia," alisema Alfayo. "Tuendelee."

Hapo furaha ikamtoka Mumbua. Alikuwa akisoma habari za serikali ya Marekani katika shule ya jioni kule Kingstanding, kwa Mwalimu Harbans, Mpunjabi wa Nakuru. Wiki ile alikuwa amekwama, na mwalimu akamweleza kwa Kiswahili.

"Sikiza, dada. Hawa Wamarekani walikuwa wametoka kwa mfalme, hawakutaka kutengeneza mwingine. Bunge linatunga sheria, rais anatekeleza, mahakama inaamua. Kila mmoja amemshika mwenzake shati. Juzi mahakama ilimwamuru rais wao atoe kanda alizorekodia mazungumzo ya ofisini mwake, akatoa, kisha akajiuzulu."

"Na rais akiwa mtu mwema?"

"Mwema, mbaya, shati lishikwe tu."

Akilikumbuka hilo, Mumbua akasimama pale ukumbini. 

"Mwenyekiti, aliyetukanwa ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na aliyeamua ni wewe?"

"Mimi ndiye mwenyekiti!"

"Ndiyo maana nauliza. Katiba yetu inakupa kuongoza mikutano. Haikupi kuhukumu kesi yako mwenyewe."

Alfayo akacheka kwa hasira. "Unamtetea huyu, ambaye hakuheshimu hata kidogo?"

"Simtetei. Lakini kesho nikishtakiwa mimi, nitataka kusikizwa."

Jemima, katibu, aliinua mkono. "Naunga mkono. Tupige kura."

Alfayo akachukua koti lake, akasema mkutano umefungwa, akaenda hadi mlangoni. Hakuna aliyemfuata. Akabaki amesimama pale huku mikono ikiinuliwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka wengi wakakubali: kesi isikizwe na wanachama watatu ambao hawakuwapo kwenye sherehe.

Ilisikizwa wiki iliyofuata. Alfayo alieleza, Solomon akajibu, mashahidi wakaulizwa. Wale watatu wakaona Solomon amekosa kweli, lakini si kosa la kumfukuzia mtu. Aombe msamaha hadharani, basi.

Solomon alimvizia Mumbua kwenye kituo cha basi. "Ungewaacha wanifukuze ningeondoka na kichwa juu. Sasa nitapiga magoti kwa yule!"

"Utaomba msamaha," Mumbua alimjibu, "na utabaki na kura yako."

Solomon hakumshukuru. Naye Alfayo kwa wiki kadhaa alimpita bila salamu, jambo lililomuuma kuliko alivyotarajia. Hata hivyo Mumbua alikaa na Jemima, wakaandika kifungu kipya cha katiba: mtu yeyote, awe na cheo gani, asiamue kesi inayomhusu.

Mkutano wa Januari ulipofika, alikisoma kwa sauti. Mikono ikainuliwa. Wa Alfayo uliinuka mwisho, polepole, lakini uliinuka.