Jina la Mama Lilipokataliwa

Saa moja kamili asubuhi nafasi za kambi zingefunguliwa, na Garnet Pelkey alikuwa bado nje ya mlango. Ungekuwa mlango wa mbao angeupiga teke. Huu ulikuwa wa tovuti ya hifadhi, na ulimwambia kwa upole kwamba nenosiri lake si sahihi.

"Si sahihi kivipi? Nimelitunga mimi!"

Nje theluji ilifika dirishani, lakini hapa Ontario anayetaka kupiga kambi ziwani Julai huamka Februari kugombea nafasi mtandaoni. Garnet alitaka kiwanja kimoja tu, kile cha tambarare kinachoshuka hadi majini. Kwingine ni mawe na mizizi, kiti cha magurudumu cha mama yake hakipiti. Na mama huyo, Verna, alikuwa amesema anataka kutia miguu ziwani tena, basi.

Zamani nenosiri la Garnet lilikuwa moja kwa kila kitu: jina la mbwa wake. Msimu uliopita mwizi akalibahatisha, akaingia kwenye barua pepe yake. Noreen, mkewe, akamwambia abadilishe kila mahali. Benki ikataka tarakimu. Hifadhi ikataka alama. Hata duka la misumari likataka nenosiri refu kama treni, kana kwamba misumari ya fundi wa mapaa kama yeye ni siri ya taifa. Garnet alibadilisha yote kwa siku moja, akifoka, wala hakuhifadhi hata moja.

Akabonyeza pa waliosahau. Swali likatokea: jina la ukoo la mama yako kabla ya kuolewa?

"Hilo rahisi." Akaandika Leduc.

Si sahihi.

Akaandika tena, polepole. Si sahihi. Jaribio moja limebaki, kisha akaunti itafungwa hadi kesho.

"Mwenyewe huyu hapa!" Garnet alifoka, akimnyooshea kidole mama yake aliyekuwa mezani na chai. "Anakunywa chai! Mashine inabisha na aliyenizaa!"

"Mimi ni Leduc tangu tumboni," Verna alisema. "Lakini wewe hukuandika Leduc."

"Niliandika nini basi?"

"Siku ile ya kubadilisha, swali hili ulilijibu huku unapayuka. Nilitaka kukuosha mdomo kwa sabuni."

Noreen akaanza kucheka. "Usicheke, mkwe wangu, ni aibu," Verna alisema, kisha akalitamka bila kupepesa jicho: "Haikuhusu, pua ndefu wewe."

Garnet akaandika. Mlango ukafunguka. Saa moja ilipogonga alibonyeza kiwanja, kikawa chao.

Hakushukuru. "Yaani mama yangu hatoshi, mpaka nitukane?"

"Na bora ulitukana," Noreen alisema. "Jina la Leduc liko ukutani kanisani, kila mtu analijua, hata mwizi angelibahatisha. Tatizo ni kukumbuka. Leo unayaweka yote kwenye ile programu ya kutunza manenosiri. Unakumbuka moja tu la kuifungulia, refu, maneno manne yasiyohusiana."

"Nitayatoa wapi maneno manne?"

Verna akasukuma kikombe, akasogeza kiti chake karibu na mwanawe.

"Funga mlango kwanza," alisema. "Nitakunong'oneza. Na usipayuke."