Pepo Aliyesikilizwa

Zuena alishikwa na maumivu ya kifua akiwa bado ndani ya arobaini. Daktari wa Kizungu alimcheka: moyo ni maradhi ya wazee wenye vitambi, si ya mzazi mbichi. Akampa haluli ya kuharisha, akamrudisha kwao Temeke.

Alipona nusu. Miaka ikapita, lakini ndoo moja ya maji ilitosha kumwegemeza ukutani, mkono wa kushoto umekufa ganzi.

Mkwewe, Bi Somoe, mwanamke asiyejua kitu na mwenye jibu la kila kitu, akakata shauri kuwa ni pepo. Basi kila mwaka Zuena huchezeshwa ngoma mpaka aanguke, na akianguka watu hushangilia kwamba dawa imeingia. Kisha huliwa ubwabwa. Bi Somoe hula zaidi ya pepo mwenyewe.

Mwaka huu maumivu yaleyale ya wakati wa arobaini yalimrudia siku chache kabla ya ngoma. Alijua wakimchezesha safari hii watamzika. Akamwendea mumewe.

"Kondo, kifua kinaniuma. Nakuomba msinichezeshe."

"Kamwambie mama," akasema Kondo, dume zima na ndevu zake.

Ngoma ikalia. Mwishehe, fundi wa kupunga pepo, akamfunika shuka na kumfukizia ubani, akisubiri pepo apande, maana pepo akishapanda hapingwi. Chini ya shuka Zuena aliwadharau wote, hata wapiga ngoma, na dharau ikampa sauti. Akakoroma kwa sauti nzito.

"Nyamazisheni makelele!"

Ngoma zikakatika. Mwishehe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuona pepo akikataa ngoma, akarudi nyuma.

"Wataka nini, bwana?"

"Sitaki kuchezeshwa, leo wala kesho. Na mwanamke huyu asiteke maji, asitwange. Atakayemlazimisha, nitamla."

"Sasa atatwanga nani, bwana mkubwa?" Bi Somoe akauliza.

"Wewe."

"Taibu, bwana," akasema Bi Somoe, paji la uso limegusa mkeka. Mwanamke huyu hakuwahi kumpa mkwewe hata pole.

Zuena alipumua kwa raha, na kwa kinyaa. Kumbe ilikuwa rahisi hivi!

Kondo akajikokota kwa magoti mpaka karibu na shuka.

"Bwana, mke wangu ana nini hasa?"

"Kifua kinamuuma."

Kondo akaangua kilio mbele ya watu.

"Masikini mke wangu! Mbona mwenyewe hakuniambia?"